Mafuta ya Mwaka wa Sotoka

Zamani kila asubuhi ya Kihanga ilianza na kwato. Ukungu ulipanda kutoka bondeni ukafunika migomba, ukafunika duka la Abdallah na ua wake wa matete, na ndani ya ukungu huo ng'ombe walipita bila kuonekana, pembe zao ndefu zikigusana, wachungaji wakiwaimbia kwa majina. Maua, mke wa Abdallah, alipenda kusimama mlangoni amejifunika leso mpaka mabegani akisikiliza. Kwao Pangani hakukuwa na kitu kama hicho. Aliona kama kilima chenyewe ndicho kinachotembea.

Mwaka wa sotoka, tauni ya ng'ombe, kilima kikasimama. Ng'ombe walitokwa na machozi, wakaacha kula, wakalala ubavu. Kabla msimu haujageuka, toka Igurwa mpaka mabonde ya Kimuli palikuwa pamebaki mifupa, na tai walioshiba hata kuruka wakashindwa. Ukungu uliendelea kupanda kila asubuhi, lakini ulikuwa mtupu.

Abdallah alikuwa mtu wa pwani aliyekuja Karagwe na bidhaa akaamua kukaa. Alitoa nguo, chumvi na shanga, akachukua pembe na buni, ila kilicholisimamisha duka lake ni samli. Wanawake wa Kihima, wafugaji wa vilimani, walileta siagi kwenye vibuyu, Maua akaichemsha uani polepole mpaka ikawa samli safi yenye rangi ya asali, na misafara ikaichukua kwenda Tabora. Maua aliijua siagi ya kila mwanamke kwa harufu. Iliyoshinda zote ilikuwa ya mjane mmoja aitwaye Kokunura. Ukifungua kibuyu chake ulipata moshi wa nyasi, kwa mbali, kama harufu ya mtu aliyepita njiani muda si mrefu.

Baada ya sotoka wanawake wale hawakuonekana tena. Kisha siku moja, ukungu ukiwa bado haujaondoka, Maua alimkuta Kokunura amekaa barazani, mgongo umenyooka, ngozi yake laini aliyojitanda imefungwa vizuri begani, na kibuyu kimelala mapajani.

"Shikamoo, mama," Maua alimwamkia. Kokunura alikuwa amejifunza jibu lake zamani na alilipenda.

"Marahaba, mwanangu."

Maua alipokea kibuyu kwa mikono miwili. Kilikuwa chepesi. Alikitikisa kidogo, akaelewa, akabaki amekishika asijue akiweke wapi.

"Sina kitu," alisema Kokunura kwa Kinyambo, lugha ambayo Maua alikuwa ameizoea sasa. "Miguu imenileta tu. Ilikuwa siku ya kuja."

Maua akaingia ndani, akamtolea ndizi za kupikwa na maharage. Mama yule alishukuru kwa adabu, akaweka bakuli kando yake, na jua lilipotoka akaondoka. Bakuli lilikuwa kama lilivyoletwa, ila nzi wamelizunguka.

Akarudi kesho yake, na kesho yake tena. Kila mara alikaa mahali pale pale akitazama kilima cha mbele, na mikono yake ikawa inasogea mapajani, huku na huku, kama mtu anayebembeleza mtoto. Mabega yalianza kuchongoka. Ngozi ya mikono, ambayo zamani iling'aa kwa siagi, ilikuwa imepauka na kukatika mistari mieupe.

"Mama, mbona huli?" Maua aliuliza siku ya nne. "Nimekukosea?"

"Hukunikosea. Chakula hiki hakina njia ya kupita kwangu. Tangu nizaliwe nimekula maziwa na amajuta." Hilo ndilo neno lao la siagi, na hata mafuta yote. "Ndizi nilikula nikiwa mgeni kwa watu, nayo ilikuja imepakwa. Ndizi kavu inanikaa hapa." Akagusa koo.

"Nikikutafutia amajuta mengine?"

Kokunura alimtazama kwa huruma, kama yeye ndiye mwenye njaa. "Ya mnyama gani, mwanangu? Wamekwisha."

Maua hakuwa na mtu wa kwao karibu. Mama yake alikuwa Pangani, mwendo wa miezi, na hakujua kama yu hai. Labda ndiyo sababu jambo la mama yule lilimwingia rohoni akashindwa kulala vizuri. Siku ile aliingia stoo ya duka akaanza kunusa mitungi.

Mtungi wa kwanza ulikuwa wa mawese. Yalitoka Ujiji juu ya mabega ya watu, na kibuyu kidogo kilibadilishwa kwa doti nzima ya kaniki. Yalikuwa mekundu na mazito, yenye harufu ya msitu uliolowa. Maua aliyapenda kwa maharage na kwa samaki wakavu. Akakaanga kitunguu, akatia ndizi, chakula kikageuka rangi ya jua linalotua, akampelekea Kokunura huku moyo unamdunda.

Kokunura alifunua bakuli, akalifunika upesi.

"Kimetiwa damu."

"Si damu, mama. Ni tunda la mti uitwao mchikichi."

"Najua si damu. Nimeona tu." Macho yake yalijaa machozi. "Siku za mwisho ng'ombe walitokwa hivi puani. Nisamehe."

Maua akamwondolea. Akajilaumu mchana kutwa kwa kutoifikiria rangi.

Mara ya pili alitumia karanga. Karanga zililimwa na Wanyambo jirani, na kikapu chake kilipatikana kwa chumvi kidogo tu. Alizikaanga, akazitwanga, akazikanda na maji moto mpaka mafuta yakaelea juu, ya manjano, yenye harufu tamu ya kujaza nyumba. Hata Abdallah aliacha kupima nguo akaja jikoni kuuliza kinapikwa nini. Lakini Kokunura alipoambiwa ni karanga alirudi nyuma.

"Kwetu mla karanga hanywi maziwa. Ng'ombe wataumwa chuchu."

"Mama," Maua alisema taratibu, "ng'ombe hawapo."

"Wakirudi je?"

Maua alikaa naye, na bakuli katikati yao likapoa. Baadaye Kokunura alisinzia ameegemea ukuta, na alipoamka alisema, macho yakiwa bado mbali, "Nimewaona. Walikuwa wanashuka mtoni wote, na mto ulikuwa mweupe. Nikasema ni maziwa. Nilipoinama kunywa, ni ukungu."

Jioni Abdallah aliuliza, "Mke wangu, mtungi wa mawese umefunguliwa na nani?"

"Mimi."

"Umempikia yule mama?"

"Ndiyo. Hakula."

"Na karanga?"

"Hakula pia."

Abdallah alikuwa mtu mpole, ila biashara ya samli ilikuwa imekufa mkononi mwake na alikuwa na hofu. "Maua, watu wengi wana njaa. Waliokula mizizi wameishi. Yeye anachagua. Utamlazimisha mtu kuishi kwa kumbadilishia mafuta?"

"Na wewe ukipewa nguruwe kwenye njaa?"

"Aa, hiyo ni dini."

"Basi na yake ni kama dini."

"Alituletea siagi miaka yote, na hakuwahi kuchanganya maji," alisema Abdallah. "Fanya unavyoona."

Asubuhi iliyofuata Maua alifungua sanduku lake la nguo. Chini kabisa, ndani ya kanzu kuukuu, palikuwa na chupa ya mafuta ya nazi. Mama yake aliyakamua mwenyewe kabla ya safari, kwa ajili ya nywele zake. Njiani kote yalikuwa majimaji, lakini walipopanda huku kwenye baridi yaliganda, na tangu hapo yakakaa meupe ndani ya chupa. Maua alikuwa hayapaki. Siku akiwa na huzuni alifungua kizibo akanusa, na kwa kitambo aliona uwanja wa kwao, mama amekaa juu ya mbuzi anakuna nazi, kuku wanagombea machicha. Kisha anafunga upesi, harufu isije ikaisha.

Alitia kijiti kwenye chupa, akachota donge jeupe, akatoka barazani akaliweka kwenye kiganja cha Kokunura.

Kokunura aliganda. Alilitazama donge lile. Kwa joto la mkono likaanza kulegea pembeni, likang'aa. Polepole akalinusa.

"Ng'ombe gani huyu?"

"Si ng'ombe. Ni mti."

"Mti?"

"Kwetu kuna mti mrefu, hauna matawi, una nywele juu tu. Unazaa kitu kikubwa kama kichwa cha mtoto. Tunakivunja, tunakikuna, tunakikamua, yanatoka maziwa meupe. Maziwa yale tukiyachemsha yanatoa mafuta haya."

"Mnaukama mti?"

Maua alicheka, kwa sababu kwa lugha zote mbili kukama na kukamua yalikuwa maneno ya karibu sana. "Tunaukama."

"Anakama nani? Wanaume?"

"Wanawake, mama. Mama yangu ndiye aliyeyakamua hayo."

Kokunura aliziba mdomo. Kwao mwanamke hakami. Kazi hiyo ni ya wanaume, na mwanamke hupokea maziwa akayasukasuka kwenye kibuyu mpaka yatoe siagi. Alifikiri juu ya wanawake wa mbali wanaokama miti, na kitu kikamtoka kifuani ambacho Maua alikuwa hajakisikia tangu sotoka. Alikuwa anacheka.

"Inasimama mingi pamoja, miti hiyo?"

"Mingi. Huwezi kuihesabu."

"Kwenye majani?"

"Kwenye mchanga. Upepo ukija, yote inainama upande mmoja."

"Kama wanavyoinama wakinywa," alisema Kokunura, na Maua alijua anaona kundi.

Akajipaka yale mafuta. Akaanza na mkono wa kushoto, toka kwenye kifundo mpaka kiwiko, taratibu, akirudia, na mistari mieupe ikafutika nyuma ya vidole vyake. Kilichobaki kiganjani akakilamba. Maua alileta ndizi zilizotoka motoni, akadondosha donge jingine juu yake, likayeyuka likaingia. Kokunura akala tonge, akatulia kama mtu anayesikiliza hatua za mgeni ndani ya nyumba. Akala la pili. Akala mpaka akaona chini ya bakuli.

Chupa ile haikumaliza wiki. Maua alikuwa anaijua hesabu hiyo tangu kijiti cha kwanza. Siku alipokwangua ya mwisho alikaa jikoni ameipakata chupa tupu, akalia kidogo kwa ajili ya mama yake, akaosha uso. Abdallah alimwona akapita bila kuuliza, akarudi baadaye na gunia lililojaa nusu, akalitua mlangoni.

"Ufuta," alisema. "Wapagazi wa Kisumbwa waliniachia badala ya nguo. Sikujua nitaufanyia nini. Unafaa?"

Maua alitia mkono ndani ya gunia, punje zikanong'ona. Kwao ufuta ulikuwa mafuta ya watu wa kawaida, ya kukaangia maandazi. Alikuwa ameusahau kwa sababu hakudhani unafika huku.

Aliukaanga uani juu ya kigae. Punje zikarukaruka, harufu ya ufuta na moshi ikaenda mpaka barabarani. Kokunura, aliyekuwa barazani, akaingia uani mwenyewe kwa mara ya kwanza, akakaa juu ya gogo, akatazama. Maua akatwanga mpaka ufuta ukawa uji mzito wa kahawia.

"Sasa?" aliuliza Kokunura.

"Sasa natia maji moto, nakoroga, nakoroga sana, mpaka mafuta yapande."

"Unakoroga na mwiko?"

"Ndiyo."

Kokunura alitikisa kichwa kama mtu aliyeona nguo imevaliwa kinyume. "Lete kibuyu changu."

Maua alikuwa amekiangika ukutani tangu siku ile kilipoletwa kitupu, na bado kilikuwa pale. Kokunura hakukubali kitiwe kitu kikiwa vile. Alituma wakatafute aina fulani ya nyasi kilimani, akaipanga juu ya makaa, akainamisha mdomo wa kibuyu juu ya moshi, akakizungusha pole pole mpaka moshi ukajaa ndani ukawa unafurika. Maua alishtuka. Harufu ile aliyodhani ni ya siagi ilikuwa imekaa kwenye nyasi siku zote.

Wakamimina uji wa ufuta na maji moto, wakaacha upoe kidogo, wakaziba. Kokunura akakaa chini akanyoosha miguu, akalaza kibuyu mapajani, akaanza kukisukasuka. Huku na huku. Mikono yake haikutafuta njia. Jua likahama kutoka ukutani mpaka kwenye kizingiti, Maua akaacha kazi zake, na uani hapakusikika ila mlio wa kitu kizito kikigeuka ndani ya kibuyu, *plabu, plabu*, kama mtu anayevuka maji kwa mbali. Kokunura aliimba kwa sauti ya chini. Lilikuwa jina la ng'ombe na sifa zake, kisha la mwingine. Maua alihisi usingizi unamchukua akiwa amekaa macho wazi. Akaona ua umejaa migongo ya kahawia, inapumua, ina joto, hakuna aliyemkanyaga.

Mlio ulipobadilika, Kokunura alinyamaza. "Yamekuja."

Mafuta yalitoka ya rangi ya kaharabu, kidogo kuliko walivyotarajia, yenye uchungu mwembamba mwanzoni na utamu nyuma yake, na moshi wa nyasi juu ya yote. Maua alikaanga vipande vya ndizi mbivu mpaka kingo zikawa nyeusi. Kokunura aliweka kimoja ulimini.

Maua alisubiri.

"Haya si amajuta," alisema mama yule.

"Si amajuta, mama. Sikudanganyi."

"Hayafanani hata kidogo." Akachukua kipande cha pili. "Lakini nimeyasuka mimi."

Hakufika tena barazani kukaa tu. Alikuja kufanya kazi. Asubuhi alifukiza kibuyu, mchana akakisukasuka, na taratibu mabega yake yakajaa. Wanawake wengine wa Kihima waliobaki vilimani walisikia, wakaja mmoja mmoja, kwanza wakisimama nje ya ua kana kwamba wamepotea njia, kisha wakiingia na vibuyu vyao. Wengine walikubali ufuta, wengine hawakukubali kitu, na Maua alijifunza kutowashurutisha. Mmoja alikula karanga mbele ya wote huku analia, kwa sababu alikuwa na mtoto mgongoni na maziwa yake yamekauka. Kokunura hakumwambia neno la ng'ombe kuumwa chuchu. Alimkatia ndizi.

Abdallah aliagiza ufuta zaidi kwa Wasumbwa. Wapita njia walipenda mafuta yale yenye moshi, na yaligharimu chini ya nusu ya mawese. Duka likapata pumzi. Naye Maua akaanza kupika akijua anachotaka: mawese kwa maharage, siku chache, watu wakiwa wengi na mtungi unaruhusu, karanga kwa mboga za majani, ufuta kwa kila kinachokaangwa, mafuta ya mbegu za nyonyo kwa taa na kwa ngozi za watu, kamwe si kwa sufuria. Samli hakuitaja. Aliiacha kama mtu anavyoacha nafasi kwenye mkeka.

Miaka mitatu hivi ikapita. Kisha mtu akaja kutoka Kimuli, ndugu wa mbali wa marehemu mume wa Kokunura. Alikuwa amevuka mto Kagera akahangaika huko, akarudi na mitamba michache, na mmoja alikuwa amezaa. Mkewe alikufa mwaka wa njaa. Hakuwa na mwanamke nyumbani anayejua kusuka maziwa.

Alisema haya barazani, mbele ya Abdallah na Maua, akitazama miguu yake, akamwomba Kokunura aende kumsukia. Kokunura aliinuka akaingia uani, akakaa juu ya gogo. Maua akamfuata.

"Utakwenda, mama?"

"Sijui kama mikono inakumbuka."

"Inakumbuka. Nimeiona."

"Na wewe?"

Maua akachukua mkono wa yule mama akaubana kwenye shavu lake. Ulinuka ufuta. Wakakaa hivyo mpaka mgeni akakohoa nje.

Kokunura aliondoka siku ya pili. Maua alimsindikiza mpaka pale njia inapoanza kuteremka, akamwamkia shikamoo ingawa walikwisha kuamkiana, na Kokunura akajibu marahaba, akashuka bila kugeuka, kibuyu mgongoni.

Kiangazi kilipofika, kijana mmoja wa Kimuli alipita na mzigo wa buni. Alimuuliza Abdallah kama huyu ndiye mkewe, kisha akamgeukia Maua akasimama wima kama mtu anayesoma salamu aliyoikariri.

"Kokunura anasema: ndama ni wawili sasa. Anasema siagi ni nzuri. Lakini anasema watu wa kule hawajui kukaanga ndizi, na alipotaka kuwafundisha wamemwambia amekuwa mtu wa pwani."

Abdallah alicheka mpaka akashika meza. Maua naye alicheka, akageukia rafu akajifanya anapanga chumvi mpaka macho yakauke. Kisha akamwita kijana uani, akamwekea kigoda, akawasha moto chini ya kikaango, na kumuuliza njia ilikuwaje.